Watawa wa kwanza hawakwenda mbali hivyo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni katekista huku Songea, nafundisha vijana wa kipaimara. Juzi tuliwapeleka Peramiho kuona abasia (makao ya watawa wa Kibenedikto), sasa wananiuliza hawa wamonaki walitoka wapi maana kwenye Biblia hawapo. Nilipotafuta nikakuta kwamba Konstantino alipolifanya kanisa kuwa la serikali, Wakristo waliochukizwa na anasa walikimbilia jangwani Misri wakakaa mapangoni peke yao. Ndivyo ilivyokuwa? Na kijana mmoja kauliza, kule jangwani walikuwa wanakula nini? Nimekosa jibu."

Marahaba mwanangu. Huyo kijana wa chakula usimpuuze, swali lake ni zuri kuliko lako (usinune), maana ukifuatilia mkate wa wale wazee ulikuwa unatoka wapi, hiyo hadithi ya mapango inaanza kulegea yenyewe.

Ila tumalize tarehe kwanza, hapo hakuna ugumu. Kaisari Konstantino hakulifanya kanisa kuwa la serikali. Alichofanya yeye na kaisari mwenzake Licinius mwaka 313 ni kuruhusu Wakristo waabudu bila kusumbuliwa na warudishiwe mali zilizotaifishwa. Dini rasmi ya dola ya Kirumi imekuja mwaka 380 chini ya kaisari Theodosi, Konstantino keshazikwa zaidi ya miaka 40. Sasa Antoni wa Misri, huyu tunayemwita baba wa watawa, kazaliwa kama mwaka 251, kaacha mali zake karibu na mwaka 270, na kajifungia kwenye ngome chakavu ng'ambo ya Nile kama mwaka 285. Piga hesabu. Konstantino wakati huo ni mtoto, na hata yale mateso makali ya kaisari Diokletiani ya mwaka 303 bado. Kwa hiyo Antoni hakuwa anakimbia kanisa lililonenepa, kanisa lenyewe lilikuwa halijui kesho litaamkaje. Ni kweli baada ya 313 watawa waliongezeka sana, na ni kweli wapo waliouona utawa kama kifodini kipya baada ya kile cha damu kukoma, hilo sikatai. Ila mbegu ilishaota zamani.

Na la Biblia, waambie vijana abasia haimo lakini vipande vyake vimo: Eliya na Yohane Mbatizaji nyikani, Paulo anavyoshauri useja kwenye 1 Wakorintho 7, orodha ya wajane kwenye 1 Timotheo 5, na wale wa Matendo 4 waliokuwa na vitu vyote shirika. Wazee wa Misri walizisoma kurasa hizo wakaona zinawahusu wao. Yatosha, twende Misri kwenyewe.

Kuna karatasi moja ya mafunjo naipenda sana. Ni barua ya malalamiko ya Juni 324, kutoka kijiji kinaitwa Karanis, mkoa wa Fayum. Mkulima Aurelius Isidorus anamshtakia ofisa wa serikali kwamba ng'ombe wa watu wawili, Pamounis na Harpalus, ameharibu mazao yake, na sio mara ya kwanza, sasa safari hii kamkamata ng'ombe anampeleka kijijini, wenye ng'ombe wakamkuta njiani na rungu kubwa, wakamwangusha chini wakampiga wakamchukua ng'ombe wao. Anasema kama wasingetokea wapita njia kumsaidia, shemasi Antoninus na mmonaki Isaka, wangemmaliza kabisa. Basi, ndio hivyo tu, Isaka hatajwi tena. Na huyo ndiye mmonaki wa kwanza kutajwa kwa jina hilo kwenye hati ya kawaida, yaani sio kitabu cha dini, ni kesi ya ng'ombe. Angalia yuko wapi: shambani, mchana, anatembea na shemasi, anaamua ugomvi. Na mlalamikaji hajisumbui kumweleza ofisa mmonaki ni mtu gani, maana yake mwaka 324 ofisa alishawaona. Watu kama Isaka walikuwepo vijijini siku nyingi.

Kwa nini nakazia hili? Kwa sababu neno jangwa linatudanganya. Sisi tukisikia jangwa tunafikiria mchanga siku kumi bila kuona mtu. Misri sio hivyo. Nile inapita katikati na pande zote mbili kuna ukanda wa kijani, mwembamba sana sehemu nyingine, halafu kijani kinakatika ghafla, kweli kabisa unaweza kusimama mguu mmoja kwenye shamba na mwingine kwenye mchanga. Kutoka nyumbani kwako mpaka jangwani ni mwendo wa kuchota maji. Makaburi ya kale, machimbo ya mawe, ngome zilizoachwa na askari, vyote viko pale kwenye ukingo, na huko ndiko watawa wa kwanza walikoingia. Antoni alianza kwenye kaburi.

Na kutoka kijijini kuingia jangwani hakikuwa kitu kigeni kwa Mmisri wa wakati ule, wakulima walikuwa na desturi ya zamani kabisa ya kutoroka wakizidiwa na kodi na kazi za lazima za serikali, wanaingia nyikani au kwenye mabwawa ya delta, kule Nile inakoingia baharini, mpaka mambo yapoe. Serikali nayo haikuwa ikiwaangalia watawa kwa jicho zuri sana kwa sababu hiyohiyo, miaka ya 370 kaisari Valens alitoa sheria kwamba wenye wajibu wa kuhudumu kwenye halmashauri za miji waliojificha kwa watawa wakatolewe huko warudishwe kazini. Sasa usije ukaenda kuwaambia vijana kwamba utawa ni kukwepa kodi! Nachosema ni kwamba njia ya kutoka kijijini ilikuwa imeshakanyagwa na miguu mingi kabla watakatifu hawajaipita.

Haya, Antoni. Wazazi wake walikufa akiwa na miaka 18 au 20 hivi, wakamwachia dada mdogo na shamba zuri lenye rutuba, ukibadilisha vipimo vyao linafika kama ekari 200, yaani tajiri wa kijiji. Akiwa kanisani akasikia Mathayo 19:21, "enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini", akatoka akagawa shamba kwa wanakijiji, akauza vingine, akabakisha kidogo kwa ajili ya dada. Baadaye hata hicho kidogo akagawa na dada akamweka kwenye nyumba ya mabikira. Hebu rudia sentensi hiyo. Ilikuwepo tayari nyumba ya mabikira ya kumpeleka, karibu na mwaka 270! Na yeye mwenyewe akaenda kujifunza kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye tangu ujana wake alikuwa anaishi maisha ya sala peke yake pembeni mwa kijiji. Kwa hiyo huyu "wa kwanza" alikuwa na mwalimu, na dada yake aliingia utawani kabla jangwa halijaitwa jangwa la watawa. Kilichokuwa kipya kwa Antoni ni kusogea: pembeni mwa kijiji, halafu makaburini, halafu ng'ambo ya mto kwenye ngome ya Pispir miaka 20, halafu akiwa mzee mlimani upande wa Bahari ya Shamu ambako monasteri yake ipo mpaka leo. Kila akisogea watu wanamfuata, anasogea tena. Mwaka 311 alirudi mjini Aleksandria kabisa, mateso yamewaka tena, akawa anawahudumia Wakristo waliokuwa migodini na magerezani. Pango liko wapi hapo?

Sasa mkate. Alipokuwa ngomeni rafiki zake walimletea mikate mikavu mara mbili kwa mwaka wakimdondoshea kwa juu, ile ya Thebe, kusini mwa Misri, ambayo inakaa mwaka mzima haiozi. Kule mlimani akaona haya kuwasumbua watu wamletee mzigo wote ule, akaomba jembe, shoka na ngano kidogo, akatafuta kipande chenye maji akalima, akapanda na mboga kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima wamechoka. Wanyama wakaja kunywa maji wakamharibia bustani, akamkamata mmoja taratibu akamuuliza mbona mnanidhuru na mimi sijawadhuru, nendeni na msirudi tena, na kitabu cha maisha yake kinasema hawakurudi. Hapo kwenye kutorudi mimi ni mkulima kidogo, naacha tu.

Kaskazini zaidi, kusini mwa Aleksandria, ndiko walikojaa. Amun alianzisha Nitria kama mwaka 330, Makari akaingia ndani zaidi Sketi, leo panaitwa Wadi Natrun. Chakula cha kawaida kilikuwa mikate miwili midogo iliyokaushwa, jumla kama gramu 330 kwa siku, unailoweka kwenye maji, chumvi, siku nzuri mafuta kidogo au dengu au mboga, na unakula mara moja, saa tisa mchana. Saa tisa yao ni hii yetu, walihesabu toka jua linapochomoza kama sisi, kwa hiyo vijana wako wataelewa haraka kuliko Wazungu. Unga wa mikate hiyo unatoka wapi? Kwenye soko. Mtawa anakaa anasuka, makuti ya mtende yamelowekwa kwenye beseni, anasuka kamba, vikapu, mikeka huku anasema zaburi kwa moyo, vinapelekwa kuuzwa mjini au anachukua mchuuzi, anarudi na nafaka. Msimu wa mavuno walishuka delta kuajiriwa kuvuna kama vibarua wengine, wanalipwa ngano. Kwenye misemo yao wanabishana kabisa kuhusu bei, je mtawa apunguze akibembelezwa, na jibu la wengi ni taja bei mara moja halafu nyamaza. Yupo mmoja, Paulo, alikaa mbali mno na soko, nauli ingekula faida yote, lakini aliendelea kusuka mwaka mzima kila siku kiasi kilekile, pango likijaa vikapu anavichoma moto anaanza upya, kwa sababu aliona bila kazi ya mikono moyo hautulii. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye pango kweli, na wenzake walimsimulia kama ajabu, ujue basi kwamba hakuwa mtu wa kawaida.

Palladius, ambaye aliishi kule miaka ya 390, anasema Nitria ilikuwa na wanaume kama 5,000, na tanuri saba za mikate zinazowahudumia wao pamoja na wengine 600 wa jangwa la ndani. Kulikuwa na madaktari, wapishi wa keki, na mvinyo ulikuwa unauzwa (ndiyo, ulisoma sawa). Kulikuwa na nyumba ya wageni, unakaa wiki moja bure bila kufanya chochote, baada ya hapo unapewa kazi, bustanini, kwenye tanuri au jikoni, na kama ni msomi unapewa kitabu. Na karibu na kanisa kulikuwa na mitende mitatu, kila mmoja umetundikwa mjeledi, wa kwanza kwa watawa waliokosa, wa pili kwa wezi wakikamatwa, wa tatu kwa wapita njia wenye makosa. Unaukumbatia mti, unapigwa viboko vyako mgongoni, unaachiwa. Mahali penye mjeledi maalumu wa wapita njia ni mahali ambapo wapita njia ni wengi.

Watu walipozidi Nitria, Amun akamlalamikia Antoni aliyekuja kumtembelea, kwamba ndugu wengine wanataka utulivu, tuwajengee umbali gani? Antoni akasema tule kwanza, ile ya saa tisa, halafu tutoke tukaangalie. Wakala, wakatembea jangwani mpaka jua linazama, wakasali, wakasimika msalaba. Hapo ndipo pakawa Kellia, mwaka 338 hivi, kama kilomita 18. Sababu aliyotoa ndiyo naipenda: ili ndugu wa kule na wa huku wakitaka kutembeleana wale saa tisa ndipo waondoke, wafike bila kusumbuka. Yaani umbali wa upweke ulipimwa kwa kutembeleana! Kila mmoja peke yake Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili wote wanakutana kanisani, wanakula pamoja, na asiyeonekana wanajua anaumwa, wanaenda kumwangalia. Wanaakiolojia walipopatambua mahali hapo mwaka 1964 walikuta vilima vya mabaki ya nyumba kama 1,500, vingi vya karne za baadaye, vyenye ua, kisima, jiko, choo na chumba cha kusalia kilichochorwa misalaba.

Sasa kama mambo yalikuwa hivyo, picha ya mtu peke yake pangoni akipigana na mashetani tumeitoa wapi? Kwa kiasi kikubwa kwa Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha ya Antoni muda mfupi baada ya Antoni kufa mwaka 356, Atanasi mwenyewe akiwa mafichoni kwa watawa kwa sababu kaisari alikuwa anamtafuta. Ni kitabu kikubwa, sikidharau, ila kilikuwa na kazi ya kufanya. Atanasi alikuwa vitani na Waario (waliokataa kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba) na alimhitaji mtakatifu asiyesoma, Mmisri halisi, anayewapinga Waario na kumtii askofu. Zipo barua saba zinazotajwa kuwa za Antoni na ukizisoma unakutana na mtu anayefikiri kwa kina, sio huyo mzee wa shamba tu. Kitabu kilitafsiriwa Kilatini mapema kikaenda mbali: mwaka 386 Augustino akiwa Milano alisimuliwa na ofisa mmoja Mwafrika mwenzake habari za Antoni, na za maofisa wawili wa kaisari kule Trier waliookota kitabu hicho kwenye nyumba moja wakasoma wakaacha kazi palepale. Muda mfupi baadaye Augustino naye akaongoka. Kitabu cha namna hiyo kikishateka dunia, nani atakumbuka Isaka wa Karanis na ng'ombe?

Ila vijana wako waliona abasia, na abasia, yaani ukuta, lango, kengele, ratiba, meza moja, hiyo haitoki kwa Antoni, inatoka kwa Pakomi. Huyu kazaliwa kama mwaka 292 kusini, wazazi sio Wakristo. Kama mwaka 312 alikamatwa kuingizwa jeshini kwa nguvu, wakafungiwa Thebe wakisubiri meli, jioni wakaja watu wasiowajua na chakula wakawalisha wale wafungwa. Akauliza hawa ni nani, akaambiwa ni Wakristo, wanawafanyia wema watu wote. Akaapa akitoka salama atawatumikia watu maisha yake yote. Vita vikaisha, akaachiwa, akabatizwa, akakaa chini ya mzee Palamoni, halafu kama mwaka 323 akaanzisha makao Tabennesi. Jaribio la kwanza lilimshinda. Alikuwa anawapikia wenzake, anawafulia, anawauzia vitu vyao, kila mtu na pesa yake, nao wakamgeuza mtumishi, wakawa wanamtukana na kucheka. Alivumilia muda mrefu mwishoni akawaambia sasa hivi kuna kanuni, anayekubali akae, asiyekubali njia ile, na wakagoma akawatimua. Yaliyofuata ndiyo tunayaita kanuni ya Pakomi, na ukiisoma unaona kila kipengele kilivyozaliwa na usumbufu fulani halisi.

Ukifika langoni hufunguliwi tu, unakaa hapo siku kadhaa unafundishwa Baba Yetu na zaburi, wanakuuliza kama umetoroka kwa sababu ya kosa, nguo zako zinapelekwa stoo. Ndani watu wamegawanywa nyumba nyumba kwa kazi, wafumaji huku, mafundi viatu kule, washonaji, wasuka mikeka, kila nyumba na mkuu wake na msaidizi, karibu kama mabweni ya shule. Na hujui kusoma? Unafundishwa, saa moja, saa tatu na saa sita unakwenda kwa mwalimu, anakuandikia herufi, silabi, maneno, na kanuni inasema hata asiyetaka atalazimishwa, ndani ya nyumba hii hakuna ambaye hatajua kusoma, angalau Agano Jipya na Zaburi. Kwa wakulima wa Misri wa karne ya 4! Mwezi wa nane wote walikutana makao makuu Pbow kutoa hesabu za mwaka mbele ya mhazini mkuu na kusameheana. Walikuwa na boti za kupeleka bidhaa mpaka Aleksandria, na orodha moja ya kodi ya miaka ya 360 inaitaja monasteri yao kati ya walipa kodi, kwa hiyo lile la kukwepa kodi limejibiwa. Pakomi alikufa Mei 346 kwenye tauni, akaacha nyumba tisa za wanaume na mbili za wanawake.

Hao wanawake. Dada yake, Maria, alikuja langoni kumsalimia, Pakomi akakataa kutoka, akamtumia ujumbe kwamba umejua niko hai, usiumie, ukitaka nawe maisha haya nitakujengea. Akajenga, Maria akawa mkuu wao. Kina dada walifuma kitani na sufu, kanzu za ndugu zilitoka kwao, nao waliletewa chakula na vitendea kazi, mpaka akifa mmoja wao ndugu wanavuka mto kumzika kwa zaburi. Kwenye kitabu cha misemo ya wazee kuna mama watatu tu waliopewa sura zao, Sinkletika, Sara na Teodora, na mimi siamini kwamba idadi hiyo ni ya kweli kwa maisha, ni idadi ya walioandika. Sara alikaa kando ya mto miaka 60, siku moja wazee wawili wakamwendea ili wamshushe kidogo, eti usijivune kwamba wakaapweke wanakuja kwako wewe mwanamke, akawajibu kwa mwili mimi ni mwanamke lakini sio kwa mawazo. Wakarudi.

Njia ya kufika Peramiho inapitia kwa mtu mmoja wa Kellia, Evagrius wa Ponto, msomi aliyekimbia mji mkuu, Konstantinopoli, akafa 399. Alikaa akachunguza mawazo yanayomsumbua mtu akiwa peke yake akayapanga manane: ulafi, uasherati, kupenda mali, huzuni, hasira, uvivu wa roho, majisifu, kiburi. Huo uvivu wa roho anaueleza vizuri mno, anasema unamvaa mtawa kati ya saa nne na saa nane, jua linaonekana kama limesimama, siku ina saa 50, anachungulia dirishani, anatoka nje anaangalia jua kama saa tisa imekaribia, anatazama huku na huku labda ndugu atapita, halafu anaanza kuchukia mahali, kazi, anaona upendo umeisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Wasomee vijana hapo bila kutaja mwaka uone kama hawatacheka kwa kujijua. Yohane Kasiano alikaa kule, akaondoka baada ya vurugu za mwaka 399 kati ya askofu wa Aleksandria na baadhi ya watawa, akafika Marseille kama mwaka 415, akaandika yote kwa Kilatini. Benedikto, huyu ambaye Wabenedikto wanaitwa kwa jina lake, kwenye kanuni yake sura ya 42, anaagiza baada ya chakula cha jioni wasomewe mazungumzo ya Kasiano au maisha ya wazee. Papa Gregori Mkuu akayapunguza mawazo manane yakawa vilema saba mnavyofundisha kipaimara. Na kanuni hiyo ya Benedikto ndiyo iliyokuja na wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani mwaka 1888 kule Pugu, halafu Peramiho 1898, Ndanda 1906, Hanga 1957. Huku Afrika kwenyewe utawa haukusubiri meli hiyo, kanuni za Pakomi zilishatafsiriwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, na Debre Damo kule Ethiopia kwenye mlima wa kupanda kwa kamba inahesabiwa toka karne ya 6.

Kama una kipindi kimoja tu cha kuwasimulia, anza na Musa wa Sketi. Mwethiopia, mweusi tii, alikuwa mtumishi wa ofisa mmoja akafukuzwa kwa wizi, akawa kiongozi wa genge. Mchungaji mmoja alimharibia dili usiku kwa mbwa wake, Musa akaapa kulipiza, Nile imefurika yeye akavuka anaogelea upanga mdomoni, mchungaji keshajificha, basi akachinja kondoo dume wanne bora, akawafunga kamba akarudi nao akiogelea, akala nyama nzuri na ngozi akazibadilisha kwa mvinyo. Baadaye akaongoka, akakaa Sketi. Majambazi wanne wakamvamia bila kujua ni nani, akawafunga wote akawabeba mgongoni mpaka kanisani akawauliza wazee, siruhusiwi kuumiza mtu, mnasema niwafanyeje hawa? Waliposikia ni Musa yule, nao wakabaki wakawa watawa. Usifiche pia kwamba kwenye baraza moja wazee walimdharau mbele ya watu, "huyu mweusi naye amefuata nini kwetu", akanyamaza, na walipomuuliza baadaye kama hakuumia akasema aliumia lakini hakusema. Sipendi wanaolihubiri tukio hilo kama somo la unyenyekevu peke yake, waliosema vile walikosa na inafaa isemwe.

Mwaka 407 hivi wavamizi wa jangwani walikuwa wanakuja Sketi, ndugu wakamhimiza wakimbie, Musa akasema wanaoishika upanga wataangamia kwa upanga, mimi nimeingoja siku hii miaka mingi. Akabaki na wachache, wakauawa. Waliokimbia walitawanyika, wengi wakaishia Palestina, na huko ndiko misemo ya wazee ilikoanza kukusanywa na kuandikwa, maana Sketi ikiwepo hakuna aliyeona haja ya kuandika, ukitaka neno la mzee ulikuwa unamfuata unamuuliza.